Masi, kani, mchapuko na graviti: mwongozo kamili wa kuelewa vinavyoshikana, hatua kwa hatua

Fomula ya F = ma (kani ni masi mara mchapuko) ina herufi tatu tu, lakini watu kibao wanaikariri vizuri kabisa halafu swali likija na lifti au ndoo ya kisimani wanakwama palepale. Sababu kubwa ni mbili: wanachanganya masi na uzito, halafu wanaingiza kwenye fomula kani (yaani msukumo au mvuto) yoyote waliyoiona kwenye swali badala ya ile iliyobaki baada ya kani zote kupigana. Ukiyanyoosha hayo mawili, sehemu kubwa ya somo hili inafunguka. Fuata hatua kwa mpangilio huu, usiruke, na uwe na kalamu na karatasi maana kuna mahesabu ya kufanya.

Hatua ya 1: Tenganisha masi na uzito kabla hujagusa fomula

Masi ni kiasi cha mata kilichomo ndani ya kitu, inapimwa kwa kilo. Hiyo ndiyo ya darasani na ni sahihi, ila kwenye mahesabu ukumbuke na hii: masi inakwambia kitu kinagoma kiasi gani kubadilishiwa mwendo. Kikiwa kimetulia kinagoma kuondoka, kikiwa kinakwenda kinagoma kusimama au kukata kona. Kitu chenye masi kubwa kinagoma sana, chenye masi ndogo kinagoma kidogo.

Uzito ni kitu kingine kabisa. Uzito ni kani, yaani ni mvuto ambao Dunia (au Mwezi, au sayari yoyote uliyosimama) inauweka kwenye hicho kitu, na kwa vile ni kani unapimwa kwa newton, N. Kuupata unazidisha masi kwa nguvu ya graviti ya pale ulipo:

W = m × g

Hapa duniani g ni kama 9.8, mitihani mingi inakuruhusu utumie 10 ili hesabu iwe nyepesi. Mwezini ni 1.62, Mirihi ni kama 3.7.

Chukua mfuko wa saruji wa kilo 50. Hapa uzito wake ni 50 × 9.8 = 490 N. Upeleke Mwezini, uzito unashuka mpaka 50 × 1.62 = 81 N, unaunyanyua kwa mkono mmoja bila shida. Lakini masi bado ni kilo 50, saruji haijapungua hata punje. Na hapa ndipo wengi wanapoteleza: kule Mwezini ukitaka kuusukuma mfuko kwa mlalo mpaka ushike spidi fulani ndani ya sekunde moja, tukiweka msuguano pembeni, unahitaji kani ileile ambayo ungehitaji hapa, wala haipungui. Na mfuko huo ukija kwa spidi ukakugonga kifuani unaumia kama ungegongwa hapa nyumbani, kwa sababu kugoma kwake kunatoka kwenye masi, hakutoki kwenye mvuto.

Hata mizani za dukani zinatofautiana kwa hili. Mizani ya mawe, ile ya sahani mbili, inalinganisha masi na masi, graviti inavuta pande zote mbili sawa, kwahiyo ukiipeleka Mwezini kilo moja ya sukari itabaki kilo moja. Mizani ya springi, ya kuning'iniza, inapima jinsi springi inavyovutwa, yaani inapima kani, halafu aliyeitengeneza amechora namba za kilo kwa kuchukulia kwamba uko duniani. Ipeleke Mwezini na kilo moja ya sukari itasoma kama gramu 165 tu.

Hatua ya 2: Elewa mchapuko, na jifunze kubadilisha vizio mapema

Mchapuko ni kiasi ambacho spidi inabadilika kila sekunde. Unachukua spidi ya mwisho, unatoa spidi ya mwanzo, unagawa kwa muda. Jibu linakuwa mita kwa sekunde, kwa kila sekunde, tunaandika m/s².

Kabla ya yote, spidi ya km/h igawe kwa 3.6 upate m/s. Hii usiisahau, alama nyingi zinapotea hapa bila sababu ya maana.

Basi linatoka stendi, linafika 72 km/h baada ya sekunde 25. 72 gawa kwa 3.6 ni 20 m/s. Mchapuko = 20 ÷ 25 = 0.8 m/s². Maana yake kila sekunde inayopita spidi inaongezeka 0.8 m/s, basi. Dereva akishika breki likasimama kwa sekunde 5, mchapuko ni (0 − 20) ÷ 5 = −4 m/s², ile hasi inakwambia spidi inapungua.

Na kitu kikikata kona kwa spidi ileile nacho kina mchapuko, kwa sababu mwelekeo umebadilika hata kama mshale wa spidi umetulia kwenye 60. Ndio maana kwenye kona unajisikia kama unatupwa pembeni: mwili wako unataka kuendelea moja kwa moja, gari ndiyo linakulazimisha ugeuke nalo.

Hatua ya 3: Tafuta kani iliyobaki, ndipo utumie F = ma

Isaac Newton alichapisha sheria zake za mwendo mwaka 1687. Ya pili ndiyo hii, F = m × a, ila hiyo F isome hivi: kani ya jumla, ile iliyobaki ukishajumlisha na kutoa zote zinazogusa hicho kitu. Kani moja moja haifai kuingia pale mpaka ujue hakuna nyingine inayopingana nayo.

Mfano wa mkokoteni. Mkokoteni na mzigo wake una masi ya kilo 200, unausukuma kwa 300 N kwenda mbele, msuguano wa magurudumu na barabara unarudisha nyuma 220 N. Kani iliyobaki ni 300 − 220 = 80 N. Mchapuko = 80 ÷ 200 = 0.4 m/s². Aliyeandika 300 ÷ 200 = 1.5 amekosa, japo fomula anaijua kwa kichwa.

Sasa punguza kusukuma mpaka 220 N wakati mkokoteni unaendelea kutembea. Kani iliyobaki ni sifuri. Je unasimama? Hapana, unaendelea na spidi ileile. Hili ndilo watu wanaligomea zaidi kwasababu maishani tunaona ukiacha kusukuma kitu kinasimama, tunadhani mwendo wenyewe unahitaji kani, kumbe kinachosimamisha ni msuguano. Kani inabadilisha mwendo, haihitajiki kuutunza. Ukilikubali hili kwa moyo mmoja utaona maswali mengi yanakuwa mepesi.

Turudi kwenye basi. Tuseme lina masi ya kilo 12,000 na mchapuko wa 0.8, kani ya jumla ni 9,600 N (injini inatoa zaidi ya hapo kwa sababu inashindana na hewa na msuguano). Lipakie abiria na mizigo lifike kilo 15,000, kani ikiwa ileile, mchapuko unashuka mpaka 9,600 ÷ 15,000 = 0.64 m/s², na kufika 20 m/s sasa linahitaji sekunde 31 na kidogo badala ya 25. Dereva anayeovateki akiwa amejaza kwa mazoea ya gari tupu ajue hizo sekunde sita hana.

Na kuhusu mkanda, naomba usome hapa taratibu. Gari linakwenda 72 km/h linagonga kitu, tuseme mwili wa aliyekaa ndani unasimama ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde. Mchapuko ni 20 ÷ 0.1 = 200 m/s². Mtoto wa kilo 10 uliyempakata anahitaji kani ya 10 × 200 = 2,000 N ili asiruke mbele. Hiyo ni sawa na kunyanyua mzigo wa kilo 200 kwa mikono, ghafla, bila kujiandaa. Hakuna mzazi mwenye mikono ya hivyo, hata awe na nguvu gani na upendo gani, mtoto anatoka tu. Kiti cha mtoto na mkanda vipo kwa ajili ya hiyo hesabu.

Hatua ya 4: Ingiza graviti, na uone kwanini vitu vizito havitangulii kufika chini

Hapa ndipo patamu kwangu, kwahiyo nitakaa kidogo.

Kitu kinachoanguka bila kushikwa na hewa kina kani moja tu, uzito wake. Kwahiyo F ni mg. Weka kwenye sheria ya Newton: mg = ma. Masi iko pande zote mbili, inakatika, inabaki a = g. Maana yake mchapuko wa kuanguka hautegemei masi kabisa.

Ona kwa namba. Jiwe la kilo 2 linavutwa kwa 19.6 N, gawa kwa 2 unapata 9.8. Jiwe la kilo 20 linavutwa kwa 196 N, mara kumi zaidi, lakini nalo linagoma mara kumi zaidi, gawa kwa 20 unapata 9.8 ileile. Dunia inalivuta zaidi lile zito, ni kweli, aliyesema hivyo hajakosea, ila amesahau kwamba lile zito pia ni gumu zaidi kulisogeza kwa kiwango kilekile. Masi inafanya kazi mbili, inaitikia mvuto na inagomea mwendo, na kazi zote mbili zinakwenda sambamba bila kupishana.

Mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 alisimama Mwezini, mkono mmoja nyundo, mwingine unyoya wa ndege kozi, akaviachia kwa pamoja mbele ya kamera. Vikafika chini pamoja, kwa sababu kule hakuna hewa ya kuuchelewesha unyoya.

Hapa kwetu ijaribu hivi: chukua daftari na kipande cha karatasi kilicho kidogo kuliko daftari. Viachie pembeni kwa pembeni, karatasi inachelewa. Halafu ilaze karatasi juu ya daftari, igandamane bila kujitokeza nje, uachie. Vinaenda pamoja, maana daftari limeisafishia karatasi njia ya hewa. Au ikunjekunje karatasi iwe kidonge uachie tena pembeni ya daftari, utaona tofauti inakaribia kupotea, na masi ya karatasi haijabadilika.

Hewa ndiyo pia inafanya tone la mvua lisikutoboe kichwa. Linapoanguka spidi inaongezeka, upinzani wa hewa nao unaongezeka, mpaka unalingana na uzito wa tone, kani iliyobaki inakuwa sifuri, spidi inaganda hapohapo. Ni ule mkokoteni wa hatua ya 3, safari hii kwa wima.

Hatua ya 5: Njia ya kujibu swali lolote la wima (lifti, ndoo, roketi)

Fanya hivi kila mara, hata kama swali linaonekana rahisi. Chora kitu chenyewe kama kiboksi, kimoja tu, usichore dunia nzima. Chora mshale wa kila kani inayokigusa hicho kitu, ya kwenda juu na ya kwenda chini. Chagua upande ambao mchapuko unaelekea uwe chanya. Kani za upande huo toa kani za upande wa pili, sawa na m × a. Maliza hesabu.

Mtu wa kilo 60 amesimama juu ya mizani ya bafuni ndani ya lifti. Mishale ni miwili: uzito kwenda chini, 588 N, na mizani inayomsukuma juu, tuiite N (hapa ni jina la kani hiyo, siyo kizio cha newton). Mizani inasoma hiyo N, haisomi uzito wenyewe.

Lifti ikianza kupanda kwa mchapuko wa 1.2: N − 588 = 60 × 1.2, N = 660 N. Ukigawa kwa 9.8 mizani inaonyesha kilo 67 na kidogo. Lifti ikishashika spidi yake na kutulia, mchapuko sifuri, N = 588, inarudi 60, hata kama inapanda haraka sana. Ikianza kushuka kwa mchapuko wa 1.2: 588 − N = 72, N = 516, inasoma karibu kilo 52.7. Mtu hajanenepa wala hajakonda, masi ni 60 mwanzo mwisho. Na kama lifti ingeanguka yenyewe kwa 9.8, N ingekuwa sifuri, mizani isome sifuri, hiyo namba utaikumbuka kwenye hatua inayofuata.

Ndoo ya kisimani ni hesabu hiyohiyo. Ndoo na maji kilo 20, ukivuta taratibu kwa spidi isiyobadilika kamba inabeba 196 N. Ukiinyakua kwa mchapuko wa 3, kamba inabeba 20 × (9.8 + 3) = 256 N. Kamba iliyochakaa mara nyingi inakatika pale unapostua, ukivuta polepole inakufikisha juu.

Tahadhari moja kabla hatujatoka hapa. Kitabu kikiwa mezani, uzito wake na kani ya meza kukisukuma juu vinalingana, na wanafunzi wengi wanaandika kwamba hiyo ndiyo sheria ya tatu ya Newton. Siyo. Zile kani mbili ziko kwenye kitu kimoja, kitabu. Sheria ya tatu inahusu vitu viwili: Dunia inakivuta kitabu chini, kitabu nacho kinaivuta Dunia juu kwa kani ileile. Dunia haisogei ukaona kwa sababu masi yake ni kubwa mno, mchapuko wake unakuwa si kitu. Jaribio rahisi la kujua: lifti ikiwa inachapuka, kani ya sakafu na uzito havilingani tena, lakini jozi ya sheria ya tatu inalingana siku zote.

Hatua ya 6: Hiyo 9.8 inatoka wapi

Newton alisema kila chenye masi kinavuta kila chenye masi. Kani ni G × M × m (M na m ni masi za vitu hivyo viwili, G ni namba isiyobadilika), gawa kwa umbali kati ya vitovu vyao kipeo cha pili. G ni ndogo ajabu, 6.67 × 10⁻¹¹, ndio maana watu wawili wa kilo 70 waliosimama mita moja kutoka kwa mwenzake wanavutana kwa kama 0.0000003 N na hawahisi kitu. Dunia inahisiwa kwa sababu masi yake ni karibu 5.97 × 10²⁴ kilo. Weka na nusu kipenyo cha Dunia (r), mita 6,371,000, kisha piga GM ÷ r². Unapata 9.8, ileile.

Kutoka kwenye fomula hiyo unaona kwamba g haiwezi kuwa sawa kila mahali. Dunia imevimba kiunoni, Ikweta iko mbali zaidi na kitovu kuliko ncha, halafu mzunguko wake nao unapunguza kidogo, kwahiyo kwenye Ikweta g ni kama 9.78 na kwenye ncha ni 9.83. Mfaransa Jean Richer alikutana na hili mwaka 1672 huko Cayenne, Amerika ya Kusini, saa yake ya pendulamu (kitu kizito kinachoning'inia na kubembea) iliyokuwa sahihi Paris ikawa inachelewa kama dakika mbili na nusu kila siku, ikabidi aifupishe pendulamu.

Wanaanga kwenye kituo cha anga cha kimataifa wako juu kama kilomita 400. Piga hesabu kwa r ya mita 6,771,000, g inatoka kama 8.7. Bado graviti ni karibu tisini kwa mia ya hii ya kwetu! Wanaelea kwa sababu wao na chombo chao wanaanguka pamoja muda wote, kama ile lifti iliyosoma sifuri, ila wanakwenda pembeni kwa kasi kubwa mno kiasi kwamba Dunia inapinda chini yao kabla hawajaifikia. Kasi hiyo ni kama mita 7,600 kwa sekunde.

Na hapa pwani yetu inaingia. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, setelaiti ya kuchunguza miali ya X angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, wakaiita Uhuru. Kurusha karibu na Ikweta kuna faida ya wazi: ardhi yenyewe pale inakwenda mashariki kwa zaidi ya mita 460 kwa sekunde kwa sababu ya mzunguko wa Dunia, roketi inaanza ikiwa tayari na spidi hiyo, haina haja ya kuchoma mafuta kuipata.

Hatua ya 7: Pima g mwenyewe nyumbani

Unahitaji uzi imara usiovutika, kitu kidogo kizito kama kufuli, futi ya fundi, na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde.

Funga kufuli kwenye uzi, ning'iniza mahali pasipotikisika. Pima urefu L kutoka pale uzi uliposhikwa mpaka katikati ya kufuli, siyo mpaka fundo, ufanye uwe mita 1.00 kamili. Vuta pembeni kidogo tu, kama upana wa kiganja, ukivuta sana fomula inaanza kudanganya. Achia bila kusukuma. Hesabu mizunguko 20, mzunguko mmoja ni kwenda na kurudi, na anza kuhesabu na "sifuri" unapobonyeza saa, ukianza na "moja" utakosa mzunguko mzima. Muda wote gawa kwa 20 upate T.

g = 39.5 × L ÷ T²

Kama umepata sekunde 40.2 kwa mizunguko 20, T ni 2.01, T² ni 4.04, g ni 9.78. Ukikosea kubonyeza saa kwa nusu sekunde jibu linahama kama 0.25, kwahiyo rudia mara kadhaa uchukue wastani. Feni ya dari izime.

Ukimaliza toa kufuli, weka lingine zito zaidi, hata mara mbili, rekebisha uzi ili L mpaka katikati ya kufuli jipya ibaki mita moja, halafu pima tena. Muda utakuwa uleule, na sababu unaijua tangu hatua ya 4.